Mke Wangu Anaomba Kula

Nianze na ulimi, maana bila kuueleza ulimi wetu, mkutano ninaousimulia hautaeleweka.

Mimi ni Mhangaza wa Bukiriro, kule Ngara. Kwetu L ikifika mdomoni inageuka R. Mtu wa kwetu halali njaa, anarara njaa. Mke wangu ni Msukuma, wazazi wake waliingia Kaniha, huku Biharamulo, na ng'ombe wao yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Kwao R ndiyo haipo. Wao ukiwagongea wanasema kalibu. Kwa hiyo nyumbani kwangu kuna mtu mmoja wa R na mtu mmoja wa L, na watoto wakakua katikati. Mkubwa alinifuata mimi, wa pili akamfuata mama yake, na wa tatu, ambaye sasa ni mwalimu, alikuwa anabadilisha kulingana na nani yuko karibu na chungu. Ndiye aliyezipanga herufi zangu hapa, nisije nikaonekana nimejisahihisha mwenyewe. Mimi niliishia darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza, baba alikuwa na mbuzi.

Nilivyofika Biharamulo nilikuja kumlimia mtu tumbaku. Asubuhi moja nikapita kwenye lambo, nikamkuta msichana ananywesha ng'ombe. Nikamwuliza, umeraraje? Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, sema umelala. Nikasema, umerara. Akasema, basi nimelala vizuli. Nikacheka na mimi. Ng'ombe wakanywa mpaka wakaondoka wenyewe, sisi bado tuko pale. Ndivyo nilivyopata mke, kwa kukosea.

Sasa kwenye chama. Mimi ni mwanachama wa siku nyingi, na ujumbe wa mkutano mkuu wa wilaya nimepewa mara kadhaa. Sisemi kwa kujisifu. Mjumbe wa aina yangu kazi yake ni kukaa, kupiga makofi na kupiga kura. Kusimama kusema sijawahi, nilikuwa naogopa. Ila mke wangu alikuwa anakwenda mikutano mingi kuliko mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mpishi. Kila mkutano wa kata, darasa moja la shule linakuwa ukumbi, na nyuma ya darasa pale chini ya dirisha yanawekwa mafiga. Pale ndipo alipokaa miaka yote. Kikao kinaingia kwa mlango, kwake kinatokea kwa dirisha.

Na alikuwa anasikiliza. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimesahau walichoamua, namwuliza yeye.

Siku moja tulijadili kisima. Kilikuwa kimepatikana kisima kimoja cha pampu, tunatafuta pa kukichimba. Wanaume wakasema kichimbwe pale kwenye ghala la mazao, kwa kuwa ni barabarani na wageni watakiona. Mimi nilikuwa ndani, nimenyamaza kama kawaida. Tukasikia sauti dirishani. Ni yeye, ameshika mwiko, mvuke unamzunguka kichwa. Akasema, pale kwenye ghala maji ya chumvi, waulizeni wanawake, sisi tulichimba tukaacha. Mwenyekiti wa kikao akageuka, akamwambia kwa upole kabisa:

"Mama, angalia ubwabwa usiungue."

Watu wakacheka kidogo, kikao kikaendelea. Kisima kikachimbwa kwenye ghala. Kipo mpaka leo, wanaoshea pikipiki.

Jioni ile aliniambia, "Baba, mimi nataka kukaa ndani."

Nikadhani anasema ndani ya nyumba, nikamwambia mbona tuko ndani. Akasema, "Ndani ya kikao. Kwenye kiti."

Uchaguzi wa chama ulipofika akachukua fomu ya kata. Siku ya kujieleza akasimama mbele yetu amevaa kitenge kipya, akasema mambo ya maji, akasema mambo ya njia ya kupitisha wajawazito kwenda zahanati, na mwisho akasema kama wote wanavyosema. Akasema, "Ndugu zangu, naomba kula."

Kuna jamaa mmoja wa Nyakanazi, ana nyumba ya wageni pale njia panda, amesoma mpaka sekondari na anapenda utani. Akajibu kutoka nyuma, "Chakula bado, mama. Si wewe ndiye mpishi?"

Hapo darasa lote likalipuka. Hakuwa na nia mbaya, nasema ukweli, hata mimi mdomo ulinicheza kabla sijaushika. Lakini mke wangu hakumaliza. Alitoka, akaenda nyuma, na sisi tukiwa tunapiga kura tulimsikia anakwangua ukoko kwenye sufuria kwa nguvu kuliko ukoko ulivyohitaji. Hakupata. Na baada ya pale hakusema tena dirishani. Kikao kikawa kinapita juu ya kichwa chake, yeye anapika tu. Nikirudi nyumbani nikimwuliza walisema nini, ananiambia, "Sikusikiliza."

Hilo ndilo lililoniuma mimi. Kushindwa kura watu wanashindwa. Ila nyumba yangu ilikuwa na mtu mmoja anayesikiliza, na sasa hayupo.

Miaka ikaenda. Uchaguzi mwingine ukakaribia, na safari hii fomu za wilaya zikatoka, nafasi za wanawake kwenye kamati. Siku moja tunapukuchua mahindi akasema, bila kuniangalia, "Nimechukua fomu."

Nikamwuliza, "Ya wiraya?"

"Ya wilaya."

"Na kuomba kura je?"

Akapukuchua gunzi likaisha, akachukua jingine. "Hilo ndilo nililotaka unisaidie, baba."

Jamani, mimi. Nimsaidie mimi. Tulijaribu, hatukujaribu? Namwambia sema kura. Anasema kula. Namwambia hapana, kura. Anasema, sasa ya kupiga na ya kumeza kwako zina tofauti gani, mbona zote unaziita kula? Maana mimi nilikuwa nasema kura kwa zote mbili, na masikio yake yalikuwa yanasikia kitu kimoja. Nikamwambia nakura wari, napiga kura. Akasema, unaona. Tukacheka, tukaacha, tukajaribu tena kesho yake shambani. Ulimi wa mtu mzima ni kama mti uliokwisha kujikunja, utaukunjua wapi.

Ndipo yeye mwenyewe akapata njia. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, anatoa mawe. Akasema, "Kwa nini nisiyatoe?"

"Yepi?"

"Maneno yenye helufi yako. Nayatoa yote. Nabakiza yangu."

Wiki zile tulikula mchana na jioni tukichambua maneno. Barabara ikatoka, ikaingia njia. Serikali ikatoka, tukakosa badala yake, ikaachwa tu. Biharamulo ikatoka, ikaingia wilaya yetu. Mradi ukatoka, ukaingia kazi. Na kura ikatoka, ikaingia mnichague. Nikaona kweli Kiswahili ni kikubwa, unaweza kukinyang'anya herufi nzima na bado kikatembea. Mwisho akawa na maneno yake machache, masafi, hana jiwe hata moja. Alikuwa anayasema akichota maji, akikamua, akifagia. Hata usiku nilikuwa nikigeuka namsikia midomo inatembea.

Siku ya mkutano tulitoka Kaniha kwa pikipiki mpaka Nyakanazi, na Nyakanazi tukapata gari la Biharamulo mjini. Pale njia panda tulimwona yule jamaa wa nyumba ya wageni, naye ni mjumbe, amepiga sare ya chama imenyooshwa mpaka inakata. Akatusalimia vizuri. Akamwambia mke wangu, "Shikamoo mama. Leo unatupikia?" Mke wangu akasema marahaba, ambayo kwake ni malahaba, akapanda gari.

Ukumbi ulikuwa umepambwa. Vitambaa vya rangi za chama, viti vya plastiki, spika inayopiga kelele hata isiposemewa. Tukaimba, tukaitikia salamu, tukasomewa taarifa ndefu ambayo mimi nililala kidogo katikati yake, kama ninavyofanya kila mkutano, na nikaamka kwenye makofi. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa ametoka mkoani, mtu wa suti, mpole, anaangalia saa sana. Akaeleza utaratibu. Wagombea wote watoke nje. Ataingia mmoja mmoja, atajieleza, ataomba kura, ataulizwa maswali, atatoka. Nafasi ni mbili.

Wa kwanza alikuwa mama wa mjini, wa zile familia za wafanyabiashara ambazo babu zao walikuja kutoka pwani. Ana duka la vitenge, kitenge alichovaa mke wangu kilitoka kwake. Kiswahili cha mama yule, ndugu yangu, kilikuwa kinateleza kama kimepakwa samli. L imekaa mahali pake, R imekaa mahali pake, mpaka nikasikia aibu kwa niaba yetu sote. Akapigiwa makofi. Baadaye mke wangu aliniambia kwamba walipokuwa wanasubiri nje mama yule alimfunga vizuri kilemba chake kilichokuwa kimelegea, akamwambia, dada, ukiingia sema taratibu. "Nikamwambia, sawa, nitasema talatibu," mke wangu alisema, "akacheka, nikacheka."

Mke wangu akaingia. Mimi nimekaa safu ya katikati, mikono naibana katikati ya magoti. Akashika kipaza sauti kama anavyoshika mwiko, chini kabisa kwenye mpini. Akasema:

"Ndugu wajumbe. Mimi ni mama wa Kaniha. Ni mkulima, na ni mpishi wenu, mnanijua. Nimesimama hapa kwa ajili ya maji, na kwa ajili ya njia ya mama mjamzito kufika kwenye zahanati. Mimi nikisikia neno kwenye kikao nalibeba mpaka nyumbani, halidondoki. Naomba mnichague. Asanteni."

Halikuponyoka jiwe hata moja. Watu wakapiga makofi, si makofi ya kuangusha paa, lakini makofi ya kweli. Nikaachia magoti. Akawa anarudisha kipaza sauti.

Ndipo yule jamaa wa Nyakanazi akanyoosha mkono. Msimamizi akamruhusu, akidhani ni swali.

"Mheshimiwa msimamizi, utaratibu ulisema mgombea aombe kura. Mimi sijasikia ameomba kura. Wenzake wote wataomba. Aombe tusikie."

Kicheko kikaanza kuchemka hapa na pale, kile cha watu wanaojua kinachokuja. Wa Kaniha walijua, wakawanong'oneza wa kata nyingine. Msimamizi hakujua. Akaangalia karatasi yake, akasema, "Ni kweli mama. Malizia kwa kuomba kura."

Mke wangu akasimama na kile kipaza sauti. Nilimwona anaangalia pembeni, na pale pembeni kulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha moshi ulikuwa unapita, wapishi wa mkutano wako kazini. Nikajua anakokwenda. Nilijua kama ninavyojua njia ya shambani kwangu. Akitoka leo kwenda kule hatarudi, na mimi nitakaa na mtu asiyesikiliza mpaka mmoja wetu azikwe.

Sijui nilisimamaje. Mimi miguu yangu mikutanoni haisimami. Nilisikia tu kiti kimeanguka nyuma yangu.

"Taarifa, mwenyekiti."

Msimamizi akasema, "Mzee, sasa hivi hakuna taarifa, tuko kwenye uchaguzi."

Nikasema, "Ndiyo. Taarifa ni kwamba huyu ni mke wangu."

Watu wakageuka. Nikaendelea kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, na kukaa kungekuwa kugumu zaidi. "Mimi nimekura chakura chake toka nikiwa kijana. Nimerara nyumba moja naye, na hakuna siku niriyomwambia urimi wake ni mbaya, kwa sababu wangu wenyewe umepinda. Kama mnataka kucheka, nichekeni mimi. Mimi ni mjumbe harari wa mkutano huu."

Basi. Ukumbi ulianguka. Walicheka, ndugu yangu, walicheka mpaka wazee wenzangu wakafuta macho kwa kofia. Harari, wakawa wanasema, mjumbe harari. Nami nimesimama katikati, sijui niokote kiti au nitoke. Lakini nilikuwa naangalia mbele tu. Na mke wangu alikuwa ananiangalia mimi, si dirisha. Alikuwa amekunja mdomo vile alivyoukunja kwenye lambo kabla hajakaa chini.

Msimamizi akasema, "Mzee, okota kiti ukae." Nikaokota, nikakaa.

Kicheko kilipopungua yeye akakinyanyua kipaza sauti, akakipandisha mpaka karibu na mdomo.

"Mmemsikia mzee wangu," akasema. "Yeye ana helufi yake, mimi nina yangu. Tumeishi, na watoto wamekua. Haya. Kula ya kwenye sufulia mtaipata mchana. Mimi sasa hivi naomba ya kwenye kalatasi." Akamtafuta kwa macho yule jamaa wa Nyakanazi, akampata. "Naomba kula. Mnajua ninachoomba. Hata mala ya kwanza mlijua."

Akaweka kipaza sauti mezani, akatoka kwa mlango. Kwa mlango, si kwenda nyuma.

Walicheka tena, ila kilikuwa kicheko kingine, sijui nikieleze vipi. Kile cha kwanza kinamwacha mtu peke yake, hiki kilikuwa kimemchukua na yeye. Hata msimamizi alikuwa anatabasamu na kuangalia saa kwa pamoja. Na nikitazama huku na huku naona Wasubi, Wazinza, Wahaya, Warundi waliooa huku, nani pale ndani angeweza kusimama akasema sentensi nzima bila kuivunja? Labda yule mama wa duka.

Wagombea wengine wakaingia, wakaomba. Mmoja wao, mama wa upande wa Lusahunga, alipofika kwenye kuomba kura akasita, akasema, "kama alivyosema mwenzangu," na watu wakampigia makofi.

Tukapiga kura. Kuhesabu kulichukua muda mrefu, huku harufu ya nyama inaingia kwa dirisha na wajumbe wanakosa utulivu. Mimi sikusikia harufu. Msimamizi akarudi, akasoma. Wa kwanza mama wa duka la vitenge. Wa pili, akasoma jina la mke wangu, na akalisoma na R yake katikati kama ilivyoandikwa, na watu wa Kaniha wakamsahihisha kwa sauti, wakiliweka L.

Nilipotoka nje kumtafuta nilimkosa. Wagombea wenzake walikuwepo, wanapongezana, mama wa duka amewashika mikono wawili wawili. Nikazunguka nyuma ya ukumbi. Nikamkuta kwenye mafiga, ameshajifunga kanga juu ya kitenge kipya, anamnyang'anya mpishi mwiko.

"Nilipewa matokeo nikakosa pa kuweka mikono," akaniambia.

Mpishi, mama mnene wa mjini, akamwambia, "Mheshimiwa, toka jikoni kwangu. Wajumbe wanakaa kule."

"Wali wako unataka maji kidogo," mke wangu akasema.

"Najua unachotaka wali wangu. Nenda ukakae."

Akafukuzwa, ndugu yangu. Mke wangu alifukuzwa jikoni, na aliondoka anageuka nyuma kuangalia wali ule. Nikamkalisha ndani kwenye kiti cha plastiki, safu ya mbele, pale walipokaa viongozi asubuhi. Akakaa mwisho wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Mikono yake hajui aiweke wapi, akaiweka mapajani, akaitoa, akairudisha.

Nikaenda kupanga foleni. Yule jamaa wa Nyakanazi alikuwa mbele yangu na sahani yake. Akanipisha. Akasema, "Mzee harari, pita," na nikapita, na nikacheka, kwa kuwa kwa nini nisicheke. Kisha akamwambia mpishi aniongeze nyama, sahani ni ya mjumbe wa kamati.

Nikaibeba sahani kwa mikono miwili, wali, nyama, kipande cha tikiti pembeni. Katika miaka yote ile sijawahi kumpelekea mke wangu chakula mahali penye watu. Nikamwekea mapajani.

"Kura, mama," nikamwambia.

Akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Kula gani tena, baba," akasema. "Si zimeshahesabiwa?"